Bibi yangu kapewa alama 13 kati ya 30 za akili. Mnaojua vipimo hivi njooni hapa

Mnyalu wa Kihesa (mleta mada)

Kamwene wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Wiki mbili zilizopita nilimleta bibi yangu Iringa mjini kutoka milimani Kilolo. Mama mdogo alikuwa analalamika kwenye simu kwamba bibi anasahausahau, kaunguza maharage mara mbili mwezi mmoja. Tukaenda hospitali moja ya hapa mjini, sitaitaja. Daktari mwenyewe kijana tu, mstaarabu, akatoa karatasi akaanza kuuliza.

Leo tarehe ngapi? Bibi akasema, "Ni siku ya tatu tangu gulio." Sifuri. Hapa tulipo ni ghorofa ya ngapi? Bibi akanigeukia mimi. Jengo lenyewe halina ghorofa, lakini swali limo kwenye karatasi na lazima liulizwe. Toa saba kwenye mia, halafu endelea kutoa saba. Akasema tisini na tatu, themanini na sita, kisha akasimama akauliza hizo saba anapewa nani.

Mwisho akapewa kalamu anakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano yaliyoingiliana. Hapo ndipo nilipoumia. Bibi aliishika kalamu kwa ngumi nzima, kama anavyoshika kisu cha kumenyea viazi, akaigandamiza hadi karatasi ikatoboka. Ana miaka 78 na kalamu huwa anaishika siku ya kupiga kura. Swali la kabla ya hapo: andika sentensi yoyote unayotaka.

Kumi na tatu kati ya thelathini. Ukiwa chini ya 24 unahesabiwa una tatizo.

Sasa huyu ni mama ambaye msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukianza anabeba kichwani madeni ya watu zaidi ya ishirini: nani kachukua lita ngapi, siku gani, nani kalipa nusu kwa kuku. Daftari hana. Nikarudi nyumbani nina hasira, nikaanza kusoma.

Kile kipimo kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Folstein na wenzake, kwa ajili ya wagonjwa wa kule, watu ambao kalamu kwao si kitu kigeni. Kilichonishtua zaidi ni kwamba kuna elimu nzima inayoonyesha kuwa wanaopata alama ndogo kwenye vipimo vya akili hufa mapema, na si wazee peke yao. Tarehe 1 Juni 1932 Scotland iliwapima karibu watoto wote waliozaliwa 1921 waliokuwa shuleni siku hiyo, watoto 87,498, mtihani mmoja. Karatasi zikakaa makabatini miaka na miaka. Baadaye watafiti Whalley na Deary wakawafuatilia wale wa mji wa Aberdeen, wakachapisha mwaka 2001: mtoto aliyekuwa nyuma kwa alama 15 za akili (IQ) akiwa na miaka 11, uwezekano wake wa kufika miaka 76 ulipungua kwa karibu moja ya tano.

Kutoka hapo wapo waliokwenda mbali. Mwaka 2004 msomi Linda Gottfredson wa Marekani aliandika kwamba huenda akili ndiyo chanzo chenyewe kilichokuwa kinatafutwa, kinachofanya maskini waugue na kufa kabla ya matajiri. Yaani si njaa, si kazi ngumu, si umbali wa zahanati. Ni kichwa.

Swali langu: kama kipimo chenyewe kinampunja maskini kabla hajafungua mdomo, hiyo hesabu imesimama juu ya nini?

Namba Hazidanganyi

Mleta mada pole kwa bibi, lakini umechanganya mambo mawili. Bibi yako kapimwa kwa kipimo cha kutafuta ugonjwa wa kusahau. Watoto wa Scotland walipimwa akili wakiwa wote wanafunzi, lugha moja, siku moja. Hakuna wa ghorofa na wa gulio pale.

Na si Scotland tu. Sweden walichukua vijana wa jeshi karibu milioni moja, wakawafuatilia, picha ikatoka ile ile. Mnapenda kusema "kipimo kina upendeleo" kila namba isipowafurahisha. Mtu mwenye akili anasoma lebo ya dawa, anaacha sigara mapema, anaiona hatari kabla haijafika. Kipi cha ajabu hapo?

Viazi vya Uporoto

Ugonile. Mimi mkulima, sikusoma hizo takwimu, ila suala la kipimo cha kumpunja mtu nalijua vizuri kuliko wote humu. Linaitwa lumbesa.

Kwa asiyejua: mnunuzi anakuja shambani na gunia lake, linajazwa viazi mpaka mdomoni, halafu juu linaongezwa kilemba kinashonwa kwa kamba. Serikali inasema kila mwaka gunia lisizidi kilo 100, tupime kwa mizani. Shambani kwangu mizani siioni. Namwona dalali na kamba.

Sasa chukua watu wawili wenye shamba sawa na mavuno sawa kabisa. Mimi sina stoo, mtoto anadaiwa michango, nauza hapohapo tope likiwa miguuni. Natoka na magunia kumi. Jirani ana stoo na mizani na gari, anapima kilo mia mia, anatoka na kumi na tatu na kitu. Aje bwana takwimu na karatasi yake: "Huyu kavuna kumi, yule kavuna kumi na tatu. Ndiyo maana huyu maskini, anavuna kidogo." Akienda mbele kidogo atasema ukishahesabu magunia, umaskini wenyewe haubaki na kazi yoyote, magunia yameeleza yote. Mkuu, umaskini wangu umo ndani ya gunia! Wameuhesabu mara moja chini ya jina la mavuno, halafu wanautafuta tena hawauoni.

Nadhani ndicho mleta mada anachouliza.

Mnyalu wa Kihesa

Viazi, ndaga fijo. Nimezunguka aya sita nikitafuta hilo.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Nimekaa pale na kahawa yangu. Endeleeni.

Namba Hazidanganyi

Viazi umetisha kwa mfano, nakubali. Lakini nikujibu kwa mfano wako mwenyewe. Norway walilinganisha ndugu kwa ndugu, wavulana waliolelewa nyumba moja kwa wazazi wale wale. Mwenye alama kubwa za akili bado alielekea kuishi zaidi kuliko nduguye. Hao wote wawili waliuza kwa lumbesa ile ile, na bado mmoja ana magunia mengi. Hapo dalali yuko wapi?

Viazi vya Uporoto

Hapo umenibana. Ila umetoka shambani umeingia nyumbani. Mdogo wangu ananizidi magunia kwa sababu anaamka mapema, sawa, nakubali. Hiyo haikwambii kwa nini kijiji chetu chote kina magunia machache kuliko kijiji chenye mizani. Mleta mada anauliza juu ya nyumba na nyumba.

Ticha wa Form One

Niongeze la shuleni. Mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa kwa Kiswahili, anapasua vizuri. Januari anaingia kwangu, kila kitu Kiingereza. Nampa jaribio la kwanza la baiolojia, ambayo nusu yake aliisoma kwenye sayansi ya msingi, anapata nane kati ya mia. Kwa hiyo mwezi wa tisa alikuwa na akili, Krismasi zikamwagika.

Mwaka jana nilifanya utundu. Mtoto mmoja wa kutoka mashamba ya chai huko Mufindi alikuwa anarudisha karatasi nyeupe. Nikamwita ofisini, nikamwuliza maswali yale yale kwa mdomo, kwa Kiswahili. Swali la mmea kupata chakula akalijibu, kisha akaniambia kwa nini chai inachumwa majani mawili na chipukizi na si jani la chini. Mimi mwenyewe sikuwa najua. Kwenye kitabu cha alama ana nane mpaka leo, maana sina safu ya kuandika yale ya ofisini.

Wa shule za Kiingereza, wazazi wenye nacho, hao Januari ni mwezi kama mwingine.

Mnyalu wa Kihesa

Ticha, hilo la kwako limepimwa, tena karibu na kwetu. Mtafiti Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, akachapisha 1979. Aliwapa kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester wakaongoza. Kwa waya, wale wa Lusaka wakaongoza, maana wanatengeneza magari ya waya toka wadogo. Kwa udongo wa mfinyanzi wakawa sawa. Kazi ile ile ya kichwa, mshindi anageuka kwa kubadilisha kilichomo mkononi. Nani kati yetu hakuwa na gari la waya lenye matairi ya kandambili? Mtihani wa waya sijawahi kuuona popote.

Na Bagamoyo, mtafiti Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa vijijini, wakawafundisha kwa muda mfupi jinsi ya kuyaendea maswali ya namna ile, wakawapima tena. Alama zikapanda. Ilichapishwa 2002. Kama alama inapanda baada ya kufundishwa kidogo tu, basi lile la kwanza lilikuwa limepima pia ugeni wa mtoto mbele ya karatasi.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Inanikumbusha kisa cha Wakpelle wa Liberia. Watafiti wa Marekani waliwapa vitu wavipange makundi, wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, maana kisu ndicho kinachokata chungwa. Mtafiti anataka matunda peke yake, vyombo peke yake. Alipochoka akauliza, je, mjinga angepangaje? Wakapanga vilevile alivyotaka yeye.

Haya narudi kwenye kahawa.

Karani Mstaafu

Vijana, mmeng'ang'ania kipimo mkasahau vifo. Nimefanya kazi ya ukarani serikalini miaka thelathini na mbili, hapa Mbeya na kwingine, basi utafiti ulionigusa ni ule wa makarani wenzangu wa London, kwenye ofisi za serikali za Whitehall. Ulianza 1967, wanaume zaidi ya 17,000, baadaye mtafiti Michael Marmot akausimamia. Wote waajiriwa wa serikali, wote wana mshahara, wote wana matibabu ya taifa bila kulipia mlangoni. Wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikuwa wanakufa karibu mara tatu ya wakubwa wa juu. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti.

Lakini angalieni katikati. Wa pili kutoka juu naye alikuwa anakufa kuliko wa kwanza! Mtu mwenye ofisi yake, zulia, katibu muhtasi. Ni ngazi, kila kipandio kina vifo vyake.

Namba atasema wa juu walikuwa na akili zaidi. Kijana wangu, mimi nimeona watu wanavyopanda cheo.

Namba Hazidanganyi

Mzee shikamoo. Nimecheka hapo mwisho. Ila sijasema akili ndiyo kila kitu. Nasema ni sehemu, na mnataka iwe sifuri.

Nesi wa Zamu

Namba ana hoja, tusimzomee. Nitoe la dirishani.

Bahasha ya dawa tunaandika 2×3. Maana yake vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Nimepata mama aliyekunywa sita asubuhi, kwa sababu mbili mara tatu ni sita, na hesabu yake ni sahihi kabisa. Mwingine alikunywa viwili kwa siku tatu akaacha. Kwa dawa fulani hiyo ni kifo. Kwa hiyo ndiyo, kusoma na kuelewa karatasi kunaokoa maisha, na kipimo cha kusoma na kuelewa karatasi kitatabiri nani atakufa. Lazima kitabiri.

Lakini pale dirishani nilianza kuchora jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na vidoti viwili chini ya kila mmoja. Makosa yalipungua wiki ile ile. Wagonjwa hawakuongezeka akili. Mimi ndiye nilibadilisha bahasha.

Halafu mleta mada, kule Hai, Kilimanjaro, madaktari walitengeneza kipimo cha demensia, huo ugonjwa wa kusahau, kwa ajili ya wazee wetu, wakijua wengi hawakusoma. Hakuna kuchora. Mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anasomewa maneno kumi na baadaye anaulizwa anakumbuka mangapi. Usije ukampima mwenyewe nyumbani ukatoa hukumu, lakini kamwombe daktari asiishie kwenye ile karatasi ya kalamu.

Mama Lishe wa Mafinga

Mnabishana kama akili ni ya mtoto au ya kipimo, na mtoto mwenyewe hajala. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 umeweka udumavu wa watoto chini ya miaka mitano kwa asilimia 30 nchi nzima. Iringa ni 57, wa kwanza Tanzania. Njombe na Rukwa nusu kwa nusu. Sisi! Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maharage, maziwa.

Mnaona ajabu, mimi sioni. Mama anaamkia kibarua cha chai au mbao saa kumi na moja, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji mweupe wa sembe wa asubuhi mpaka jioni. Maharage yanauzwa, mayai yanauzwa, maziwa yanapakiwa kwenye madumu yanaondoka. Tumbo limejaa, mwili hauna kitu. Mtoto huyo akifika darasa la tatu atapata alama ndogo kweli, na hiyo alama haitakuwa ya uongo. Akiwa mtu mzima magonjwa yatampata kirahisi. Hapo kipimo hakijapendelea mtu, kimesoma sawasawa kilichofanyika miaka minane nyuma. Sasa mtasema kaugua kwa sababu hana akili? Vyote viwili vimetoka kwenye sufuria moja.

Nesi wa Zamu

Nakazia kwa Mama Lishe. Wa umri wangu mtakumbuka tulivyopangwa mstari tukapewa vidonge vya mafuta ya madini joto, kwa sababu ya goita. Udongo wa milimani huku mvua imeuosha, madini hayamo. Chumvi yenye madini joto ilikuja kutiliwa mkazo miaka ya tisini. Mama mjamzito akikosa madini hayo, ubongo wa mtoto unaumia tumboni. Mwaka 2009 ulitoka utafiti kwa takwimu za Tanzania kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge vile walikwenda mbele zaidi shuleni, hasa wasichana.

Namba Hazidanganyi

Na 2020 wengine wakairudia ile hesabu na matokeo yakayumba, dada. Naweka tu kwa haki.

Ila la sufuria moja sina jibu la haraka. Ukiweka kwenye hesabu kitu ambacho umaskini umekitengeneza, kisha ukasema umaskini umepungua nguvu, hiyo ni lumbesa ya aina nyingine. Bado nashikilia la ndugu wa Norway.

Viazi vya Uporoto

Shikilia mkuu, ni lako kwa haki. Umenunua viazi mwaka huu?

Ticha wa Form One

Mleta mada, mbona kimya? Bibi vipi?

Mnyalu wa Kihesa

Nilikuwa Kilolo tangu Ijumaa, mtandao wa kule mnaujua.

Nesi alinikataza nisimpime, nami sikusikia. Jumamosi jioni tumekaa jikoni nikachukua kiberiti nikapanga njiti nne, nikampa nne zake. Akapanga bila kusita, halafu akanyoosha kidole akaniambia njiti yangu ya tatu nimeigeuza kichwa. Kweli nilikuwa nimeigeuza. Nikaanza kutabasamu, nikimfikiria yule daktari na kalamu yake. Nikamwambia ataje wanyama, akaanza na mbuzi wake mmoja mmoja kwa majina, tukacheka, nikamwelekeza, akataja kumi na wanne.

Kisha maneno kumi. Nilimsomea mara tatu, akayarudia na mimi vizuri. Tukala. Baada ya ugali nikamwuliza. Alikumbuka mawili. La tatu alilolitaja halikuwemo. Nikamwuliza tena, akasema, "Maneno gani, mjukuu wangu?"

Mama mdogo alikuwa anaosha vyombo, akaniita nje. Akaniambia kuhusu yale madeni niliyoyasifia hapa. Jirani mmoja mzee alilipa tangu mwezi wa pili. Bibi kamdai tena mwezi wa tatu, akalipa. Juzi kamdai tena. Wapo wanne au watano wa namna hiyo, wote wanalipa, hakuna aliyemwambia, na mama mdogo anawarudishia hela usiku.

Jumatatu asubuhi tunashuka mjini. Nesi, kipimo hicho cha njiti huku kwetu nitakipata kwa nani?